Dada wa Mpiga Ngoma

Nyundo alijua kunyata kabla hajajua kukimbia. Dada yake, aliyemzidi miaka mingi, tangu utotoni alikuwa na masikio yasiyokuwa kama ya watu wengine. Kijiko kikigonga sahani, alishtuka kana kwamba amechomwa sindano. Mlango ukibamizwa, alitapika. Mama yao, ambaye sasa ni marehemu, hakuwa na jina la kuliita jambo hilo. Alijua tu namna ya kuishi nalo: alivisha miguu ya viti vitambaa, akagawa redio, akamfundisha mdogo kufunga mlango kwa mikono miwili na kucheka akiwa ameziba mdomo.

Jina la Nyundo alipewa ukubwani na wenzake wa bendi. Siku moja aliingia kwenye stoo ya ukumbi wa vijana, akakuta ngoma zimefunikwa turubai, akazipiga mara moja kujaribu, na tangu hapo hakuwa na habari na kitu kingine. Bendi yao ilipiga roki nzito, magitaa yakinguruma na mwimbaji akipayuka mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Nyumbani, Nyundo alifanyia mazoezi juu ya mito.

Dada yake alitengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo nyuma ya kliniki. Watu walishangaa anavyoivumilia mashine ya kusagia. Aliwaeleza kwamba ile anaiwasha mwenyewe na kuizima mwenyewe. Kinachomuumiza ni sauti inayomwingilia bila kubisha hodi. Wenzake walimtania kwamba siku akiolewa, bwana harusi itabidi akakorome kwa jirani. Yeye naye alicheka. Alikuwa amezoea.

Bendi ilipopata nafasi ya kutumbuiza kwenye ukumbi mkubwa, Jumamosi alasiri, Nyundo hakumwalika. Dada ndiye aliyejialika. Alikuwa hajawahi kumwona mdogo wake akipiga, na jambo hilo lilimkereketa. Nyundo alimkatalia kwa upole, kisha kwa ukali. Dada akamwambia ameshanunua vizibo vya masikio, atasimama karibu na mlango, na mambo yakizidi atatoka zake. Mwishowe Nyundo alikubali. Ukweli ni kwamba naye alitamani kuonwa.

Wimbo wa kwanza dada aliumudu. Alimwona mdogo wake amekaa nyuma ya ngoma, nywele zimemfunika uso, mikono inakwenda kama si yake, na machozi yakamlengalenga kwa fahari. Wimbo wa pili aliuvumilia kwa kuuma meno. Kwenye wa tatu taa zilianza kumemeta, na besi ikafunguliwa yote. Vizibo vilikinga masikio tu, na besi haikupita masikioni. Ilipanda kutoka sakafuni, ikaingia kwa nyayo, ikamtikisa mbavu mpaka akashindwa kujua pumzi ipi ni yake. Mdomoni alihisi ladha ya chuma. Mlango ulikuwa palepale, lakini watu walikuwa wamejazana katikati, na kila bega lililomgusa lilimuunguza. Akaingia chini ya meza ya vinywaji, akajikunja na kukumbatia kichwa.

Mlinzi alidhani amelewa. Alimshika kwapani amtoe. Dada akapiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia, akamng'ata mkono. Mlinzi akamwita mwenzake, wakamburuta hadi nje, watu wakimrekodi kwa simu. Onyesho lilipokwisha, Nyundo alimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara ya maegesho, na mama wa usafi amemfunika kichwa kwa koti lake. Akamwinua, wakarudi nyumbani.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Masikio ya dada yalilia mlio mwembamba usiokoma. Kazini, kila alipoinyooshea mkono swichi ya mashine, mkono ulirudi wenyewe; mkuu wa maabara akamhamishia kwenye kuchonga nta kwa mkono. Daktari alimpima akamwambia masikio ni mazima, ila ubongo wake unapokea kila kitu bila kuchuja, na kwamba huko si kudeka. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Lakini mlio haukupungua kwa sababu ya kuambiwa.

Nyundo akawa mpole kupita kiasi. Alipika, alifua, aliamka mapema kuchemsha maji. Dada akahisi kuna neno limemkwama mdogo wake kooni, akamwacha. Asubuhi moja, wakinywa chai, likatoka.

"Dada, nilikuona."

Dada aliweka kikombe chini.

"Nilikuona ulivyoingia chini ya meza. Nikamwona na yule mlinzi. Nilijua kabisa ni wewe, na sikuacha kupiga."

Dada alimuuliza kwa nini. Nyundo akasema hajui. Kisha akasema anajua. Akaeleza kwamba maisha yake yote amekuwa mtu wa kuacha: ameacha kukimbia ndani, ameacha kuleta marafiki, ameacha kulia kwa sauti hata siku ya msiba wa mama. Siku ile mikono ilikataa kuacha.

"Na nilipiga vizuri," alisema. "Sijawahi kupiga vile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Hasira ilimpanda dada. Ndugu yake wa damu amemtazama akiburutwa kama gunia. Lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine lililomkaa vibaya zaidi. Siku zote alidhani utulivu wa nyumba ile ulikuwa zawadi ya mama. Kumbe ulikatwa kwenye utoto wa mdogo wake, na hakuwahi hata kuuliza. Hakusema amemsamehe, kwa kuwa hakuwa amemsamehe.

"Tafuta chumba chako," alisema.

Nyundo alidhani anafukuzwa, akaanza kulia. Dada alimwacha alie, na alie kwa sauti, ingawa kila kwikwi ilimchoma.

"Sikufukuzi, mdogo wangu. Mimi ndivyo nilivyo. Na wewe huwezi kuzeeka ukipiga mito."

Chumba kilipatikana juu ya karakana ya seremala, ambako misumeno ilishinda ikilia na hakuna ambaye angelalamikia ngoma. Siku ya kuhama, dada alisaidia kupandisha vitu. Kwenye ngazi alisimama kupumua, akasema, "Kwenye onyesho sitakuja tena. Kula nitakuja."

Nyundo akasema atapika.

Mara ya kwanza dada alikuja Jumapili, karakana ikiwa imefungwa. Chakula kilikuwa kimezidi chumvi na wote wawili walikimaliza. Dada alikuwa bado na kinyongo, na Nyundo alikiona, lakini hakuomba radhi. Alipomsindikiza chini, walisimama kidogo mlangoni pa karakana. Kisha Nyundo akamuuliza kuhusu Jumapili ijayo, na dada akasema atakuja mapema.