Marudio ya Eda

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, mgeni wa kipindi alikuwa bado hajatokea. Alikuwa mwimba singeli kutoka Temeke, na meneja wake alishasema mara tatu kwenye simu kwamba wapo Mwenge, wanafika. Hamdiya, mpanga vipindi wa kituo kidogo cha televisheni pale Kawe, aliyajua maneno hayo. Kipindi kilikuwa kinaanza saa moja kasoro robo, kabla ya taarifa ya habari, saa ambayo watu wapo nyumbani na hawajaanza kugombania rimoti.

"Weka yule mama mjane," alisema bosi wake, Lusungu, macho yakiwa kwenye simu.

Mama mjane alikuwa Zubeda wa Wazo, mdogo wake mama yake Hamdiya. Mumewe, Kondo, fundi friji, alipofariki, Hamdiya ndiye aliyepeleka kamera siku ya tatu. Zubeda alikuwa kwenye eda, hatoki miezi minne na siku kumi. "Hutoki, mamdogo," Hamdiya alimwambia. "Sie ndo tunaingia." Mpiga picha Venance, kwa kuwa si maharimu, alikaa nyuma ya pazia akapitisha lenzi kwenye upenyo, na kila mtu akaridhika kwamba heshima imelindwa. Zubeda alilia dakika kumi na mbili. Watazamaji wakaongezeka mara nne.

Mwezi uliofuata kipindi kikarudiwa, na Zubeda akarudishwa kwenye siku ya tatu ya eda yake. Mikeka ya matanga iliyokwisha kukunjwa ikawa imetandikwa sebuleni. Udongo wa kaburi la Kondo ukawa mbichi. Karatasi za kalenda alizokwisha kuzichana zikawa ukutani. Majirani waliona, wakapika wali, wakaja kutoa pole upya. Shehe Fakihi alipoulizwa eda ihesabiwe vipi alihesabu kwa vidole, akasema kama ni siku ya tatu basi ni siku ya tatu, akaomba aongezewe chai.

Hamdiya aliona haya. Aliapa mbele ya mama yake mdogo kwamba hakirudiwi tena, na kwa miezi minne alitimiza. Alileta daktari wa meno, akaleta mtaalamu wa kufuga kuku, akamleta mwanamke anayefunga vilemba. Watazamaji walihama mmoja mmoja. Kila Jumatatu Lusungu aliuliza mama mjane yuko wapi.

Sasa zilikuwa zimebaki siku mbili eda iishe. Maisa, binti pekee wa Zubeda, alikuwa anaolewa Jumamosi, na tarehe ilipangwa hivyo ili mama yake awepo. Haikuweza kusogezwa. Bwana harusi, Azzam, likizo yake ilikuwa inaisha, na Jumapili alikuwa anaondoka na mkewe kwenda Muscat.

"Kipo kipindi cha mapishi," Hamdiya alisema. "Kipya, hakijarushwa."

"Nani anaangalia mapishi saa hizi, sista? Watu wameshapika."

Ilikuwa kweli. Hamdiya mwenyewe ndiye aliyemfundisha Lusungu jambo hilo. Angeweza kusema yule ni mama yangu mdogo, na keshokutwa ni harusi ya mwanawe. Maneno yalikuwepo, yalifika hadi mdomoni. Aliogopa kuonekana hajui kazi. Saa moja kasoro robo akabonyeza kitufe.

Mwimba singeli alifika saa moja na dakika tano, akaomba maji. Kesho yake takwimu zilikuwa nzuri kuliko za mwaka mzima, na Lusungu alinunua maandazi ya ofisi nzima. Hamdiya alikula mawili.

Jumamosi asubuhi alikwenda Wazo. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wanaosha sufuria za matanga, na vumbi la saruji kutoka kiwandani lilikuwa limetua juu ya viatu mlangoni.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba. Leo ya ngapi?"

"Ya tano."

Zubeda alikuwa na macho yaliyovimba ya mtu aliyefiwa juzi. Alitoa bangili zake mbili zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Maisa alipita jana kuniaga. Hizi nimesahau kumpa, kwa kulia. Mvalishe wewe."

Hamdiya alitaka kuzipokea. Mikono yake ilikuwa na hina ya harusi hadi kwenye viwiko, nyeusi, nzuri, bado inanukia. Aliirudisha ndani ya buibui, akakinga kitambaa kwa pindo la mtandio. Zubeda alikuwa ameshaiona.

"Imekolea," alisema. "Watu walinitazama wengi?"

"Wengi, mamdogo."

Zubeda alitikisa kichwa, akanyoosha ukingo wa mkeka kwa mguu.

"Basi kikirudi tena unipigie kabla. Nisiwe nimeshakunja mikeka."

Hamdiya alisema atapiga.