Motokaa ya Mtoro

Kaka yangu Mtoro hakuwa na mke wala baiskeli, ila alikuwa na motokaa. Ilienea kwenye kiganja. Alipewa na injinia mmoja wa meli kule bandarini Dar es Salaam alikokuwa akipakua mizigo: gari la mbio la mfano, la chuma, rangi ya fedha, na milango yake miwili inafungukia juu kama mbawa za kuku anayetaka kuruka. Ukiinua boneti unaiona injini. Kila alipokuja kwetu Bagamoyo aliitoa kwenye boksi lake, akaipangusa kwa ncha ya shuka, kisha akamwachia mama peke yake afungue milango. Mimi nikinyoosha mkono napigwa kofi. Mchoyo yule, Mungu amrehemu.

Homa ilimchukua mwaka wa hamsini na saba. Hakuacha hata picha. Mama akawa analala na lile boksi kando ya mto wake.

Sisi Wakwere watani zetu ni Wanyamwezi. Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi na kukuchekesha ukiwa na msiba, na akichukua kitu cha marehemu hukasiriki. Unakikomboa kwa jogoo au pishi ya unga, mnacheka, yamekwisha. Mtani wetu alikuwa Kulwa, mkata mkonge, rafiki mkubwa wa Mtoro. Siku ya kuondoa tanga aliingia chumbani kwa mama, akatoka na ile motokaa juu ya kichwa huku akinguruma kwa mdomo.

"Piii! Tokeni njiani! Maiti yenu imeniajiri udereva!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mama alicheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Akanisogelea, akanong'ona, "Mwanahija, kamkamate yule jogoo mwekundu."

Nilikwenda uani. Jogoo mwenyewe mjeuri, akanizungusha jiko zima. Ningali namkimbiza nikaisikia sauti ya baba mdogo Pazi, msemaji wa msiba wetu, mtu asiyekubali kushindwa kwa maneno hata matangani.

"Tukomboe nini, ewe Mnyamwezi? Chukua! Nimekupa mbele ya watu wote hawa. Kawaonyeshe wazee wako motokaa kabla hawajafa!"

Kicheko kikalipuka tena. Niliporudi na jogoo kwapani, Kulwa hakuwa akicheka. Alikuwa bado ameinyoosha ile motokaa mbele, anangoja kukombolewa, na hakuna aliyeipokea. Msemaji wa msiba alikuwa ameshatamka. Alichopewa mtani matangani hakirudi; kikirudi, kinarudi kuchukua mwingine katika nyumba ile ile. Hayo kwetu anayajua hata mtoto.

Baba mdogo alipouona uso wa mama, midomo ilianza kumcheza. Nilimchukia, na mpaka leo sijamaliza kumchukia. Lakini angefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

"Haya," mama alisema. "Mtani kapewa." Akaingia ndani. Mimi nikamwachia jogoo akaenda zake.

Mkataba wa Kulwa shambani ulipokwisha alipita kuaga, lori likimsubiri barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua kitambaa. Motokaa haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ningeweza ningekuachia, mama. Naogopa. Umebaki na Mwanahija tu."

Mama aliipokea. Akainua mlango mmoja, akainua wa pili, akachungulia ndani muda mrefu, akaifunga. Kisha akanitazama mimi. Nilitaka kusema ibaki, mimi siogopi, liwalo na liwe. Ulimi ulikuwa mzito kwa sababu niliogopa, na mama aliona kwamba naogopa. Akairudisha mikononi mwa Kulwa.

"Safari njema, mwanangu," alimwambia. Kulwa alikwenda barabarani analia, mtu mzima yule, na hapakuwa na mtani wa kumchekesha.

Boksi tunalo. Lipo pale pale kando ya mto, na kila Ijumaa mama analipangusa kwa ncha ya shuka. Juzi nilikuwa nafagia, nikalisukuma kwa ufagio.

"Taratibu, Mwanahija," aliniambia. "Usije ukaivunja milango."