Shati la Msimamizi

Kuanzia Kilosa hadi Mikumi hapakuwa na doa lililomshinda Mwamvua wa Chanzuru. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, akiwa amejifunga kanga yenye doa la embe la tangu mwaka juzi.

Alifua mashuka ya loji moja pale Mikumi, yeye na mwenzake Ida. Jumatatu Godfrey, msimamizi wao, alibandika ukutani karatasi ya maneno ya Kiingereza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Kuanzia leo kila nguo yenye uchafu iandikiwe aina yake. Kuna *stain*, kuna *smudge*, kuna *smear*, kuna *blot*. Ukikosea mara tatu, unarudi kwenu."

"Yote si madoa, mwanangu?"

"Wazungu wameyatenganisha."

"Ndiyo maana hawamalizi kufua."

Kufikia Jumanne jioni alikuwa na makosa mawili. Chanzuru hakuwa na shamba la kurudia, lilishauzwa.

Jumatano asubuhi alilichovya kwenye beseni shuka lenye vumbi jekundu la vidole. Doa lilitoka katikati, likatambaa taratibu hadi kwenye pindo, pale ambapo kanga huwekwa jina lake, likajiandika: *smudge*. Mwamvua akalinakili kwenye karatasi kama alivyokuwa akinakili ubaoni shuleni, bila kuelewa na bila kuuliza.

Ida akachungulia. "Lina mwandiko mzuri."

"Kunishinda mimi," Mwamvua akasema, akasuuza.

Siku hiyo nguo thelathini na moja zilijiandika, na hakukosea hata moja. Usiku alilala usingizi wa mtoto aliyenyonya.

Alhamisi Godfrey alileta shati lake jeupe. Lilipoingia majini tu, pindo likaandika neno ambalo ukutani halikuwepo: *gravy*. Mwamvua akalinakili.

Godfrey akaisoma karatasi. "Haya ni matope, bibi. Hilo ni kosa la tatu. Funga mizigo."

"Mimi nimeandika nilichoandikiwa."

Mwenye loji, Mama Agatha, alikuwa anapita na funguo zake. Mwamvua akampa karatasi na shati kwa mikono miwili. Mama Agatha akasoma pindo, akanusa.

"Mchuzi wa nyama," akasema. "Bibi hajakosea hata kidogo. Endelea na kazi yako."

Mwamvua akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ida akamletea maji ya kunywa. Jikoni maharage ya wafanyakazi yalikuwa yanachemka, wiki ya tatu sasa bila nyama, na yangeendelea kuchemka, kwa sababu Godfrey alikuwa shemeji yake Mama Agatha na shemeji hafukuzwi.

Hata hivyo Mama Agatha aliuliza. "Godfrey, si ulisema nyama ya wafanyakazi inabebwa na nyani dirishani?"

"Ndiyo, dada. Ndiye aliyenichafua. Alinipiga kikumbo akikimbia nayo."

Mwamvua akaligeuza shati kwa heshima. Ubavuni palikuwa na alama ya mkono uliojifuta mafuta, vidole vitano vimepangana vizuri, na kwenye kidole cha pili kutoka mwisho nyani alikuwa amevaa pete ya ndoa.