Arne ya Kazi Zote

Miye naogopa juu. Nasema mapema, kusudi muntu asinicheke tukifika mbele. Napanda pilone, ile minara ya simu, hapa Lubumbashi, nakata miti kwa matajiri kule Karavia, napaka rangi matangi ya maji, na kila nikipanda naogopa kama siku ya kwanza. Ni juu ya woga huo ninagombana na kila muntu. Arne yangu ya zamani, ile mikanda ya kujifunga kiunoni na mapajani, ilipoanza kutoa nyuzi, nilimusumbua Kalenga mpaka akajuta kunijua.

Kalenga anauza vyombo vya kazi vilivyokwisha kutumika, vinavyopita mupaka wa Sakania. Alinipa ya kiuno peke yake.

"Kamata hii, Stanislas. Iko nyepesi."

"Na nikipinduka kichwa chini, itanishika na nini? Na meno?"

Akatoa ingine, nzito, yenye pete mugongoni tu. Hiyo ni ya kukushika ukianguka. Utafanya kazi namna gani, umetundikwa kwa mugongo kama mbuzi aliyechunwa? Ya tatu njo ilinipendeza: pete mugongoni, pete kifuani, pete mbili pembeni za kujifunga kwenye pilone ili mikono ibaki bure, mito laini mapajani. Ya miti, ya antena, ya matangi, ya kazi zote. Nilipitisha vidole kwenye kila mushono. Nikaivaa, nikaning'inia kwenye muti wa paa lake, bantu ba soko bakacheka.

"Mucheke tu!" niliwaambia. "Siku ya kunizika mutakuja na mikono mitupu vilevile!"

Ilikuwa na doa moja, kwenye mukanda wa paja la kushoto. Nililikwangua na ukucha. Kutu ya kifungo, basi. Uzi ulikuwa muzima.

Mama yangu, Mama Ngalula, hakuona kutu. Aliona damu.

"Papa," alisema. Ananiita hivyo juu nina jina la baba yake. "Mwenye hii alikufa ndani."

"Mama, ni kutu!"

"Kutu gani iko nyekundu hivi? Unaenda kuvaa kifo ya bengine?"

Nikafoka, nikatoka. Arne ikabaki naye nyumbani. Mama akibaki peke yake na kitu asichokipenda, hapo njo uogope, lakini miye nilidhani nimeshinda.

Siku ya kazi tulienda mutaa wa Hewa Bora na Mwenya, mwenzangu anayebaki chini na kunivutia vyombo kwa kamba. Tulikuwa tumechelewa. Nikavuta arne kwenye saki, ule mufuko wangu wa kazi, nikajifunga mbiombio. Nilisikia harufu ya kufulia, nikadhani ni shati yangu. Nikapanda. Kwenye antena nikazungusha kamba ya pembeni, nikajilaza nyuma, uzito wangu wote ndani ya mikanda, mikono yote miwili ikikaza buloni za chuma. Simu ikalia kwenye waya za masikioni, nikabonyeza.

"Papa, uko juu?"

"Niko juu, mama. Niache nifanye kazi."

"Usiogope tena. Ile damu niliitoa. Niliweka arne mu javel, javel tupu, sikutia maji. Usiku muzima na muchana yake. Angalia, doa iko wapi?"

Niliangalia paja la kushoto. Doa hakuna. Mukanda ulikuwa umepauka, na ukingoni uzi unatoka kama unga.

Yesu wangu! Javel! Nani hajui dawa hiyo ya kupausha nguo inavyofanya suruali? Unaiona nzima, unachuchumaa, traa! Na ile nailoni nilikuwa nimeikalia juu ya mapaa ya bantu. Miye niliyegombana na Kalenga juu ya kila mushono, asubuhi hiyo sikuangalia hata mumoja.

Nikaziacha buloni. Chuma kilikuwa mbele yangu, karibu, lakini ili nikifikie lazima nijivute, na kujivuta ni kukaza mikanda. Sikuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

"Papa? Unanisikia?"

"Mama, omba. Omba kwa sauti, usiache."

Akaanza kuomba, kwa furaha, juu miye sijawahi kumuomba hivyo. Nikasogeza mukono mumoja. Kwenye paja kitu kikalia, tak. Nikasogeza wa pili. Tak tena. Nilipokikumbatia chuma nilikishika kwa mikono, kwa magoti, kwa kidevu. Nikafungua kamba ya pembeni, nikashuka ngazi kwa ngazi, mama anaomba masikioni.

Nilipofika chini nilivua arne. Nilikaa kwenye udongo, nikamuambia Mwenya. Hakuamini. Alitundika arne kwenye chuma cha kwanza, akafunga saki ya buloni kwenye ule mukanda, akaiachia. Mukanda wa kushoto ulikatika pale pale palipokuwa doa, bila hata kelele kubwa. Mwenya naye akakaa chini.

"Amina," mama alisema. "Umefika, papa?"

Maneno yote ya kufoka yalikuwa tayari mudomoni.

"Nimefika."

"Unaona? Ile kifo ilitoka."

"Ilitoka, mama. Lakini ile nitakayonunua tena, usiifule. Iombee tu."

"Juu ya nini?"

Nilitaka kujibu, kilio kikanitangulia. Alinisikia. Akauliza na sauti ndogo ambayo sikuijua:

"Papa, ni miye?"

Mwenya alikuwa ananitazama, kipande cha mukanda mukononi.

"Hapana, mama," nilisema. "Ni ile kutu."