Mwenye Neno la Mwisho Mezani

Kabla hatujafunga shule, mwalimu wa Kiingereza alitupa adhabu akaiita kazi ya likizo. Neno moja tu, alisema, neno dogo la herufi tatu, maana yake kukata. Kamusi yake ilikuwa imelitengea neno hilo kurasa mbili nzima, kwa sababu wenye lugha yao hulitumia kwa nywele, nyama, mishahara, filamu, njia za mkato na hata kumpita mtu unayemjua bila kumsalimu. Kila mmoja wetu arudi na maana nyingi kadiri awezavyo, na kila moja awe ameiona kwa macho yake.

Nilinyoosha mkono nikauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama kumkatiza mwalimu nako kunahesabiwa. Alisema kunahesabiwa, akanitoa nje.

Mimi si mtu wa kuhangaika. Mama mkubwa wangu ni fundi cherehani, na mtu anayetafuta kukata hana sababu ya kupita mlango wa fundi cherehani akaenda mbali. Siku ile nilifika asubuhi, nikakaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, nikasubiri elimu inijie. Ilikuja haraka. Kabla chai haijapoa umeme ulikatika, Mama mkubwa akamkatia simu mteja mmoja msumbufu, na dada yangu, yaani binti yake, akakata tamaa.

Tamaa ya Dada ilikuwa na sababu. Tangu daktari ampasue Mama mkubwa kiganja cha mkono wa kulia na kumpiga marufuku mkasi mkubwa, meza ya kukatia ilikuwa inangoja mtu. Dada alijua kukata. Alikuwa amekata magazeti, mashuka mabovu na mapazia yaliyostaafu, vyote vikatoka sawasawa. Ila kitambaa cha mteja alikuwa hajaruhusiwa hata kukigusa kwa mkasi. Na kiwanda cha sare kilikuwa kimemwita akashone mifuko. Mifuko tu, kuanzia Jumatatu, mpaka uzee umkute. Walisema wangepiga simu mchana kuchukua jibu.

"Leo nikikata hili koti, nabaki," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nisipokata, naenda."

Koti lenyewe lilikuwa bado kitambaa, cha rangi ya majivu, kimetandazwa mezani na kuchorwa mistari ya chaki. Mwenyewe alikuwa dereva wa lori anayestaafu, mtu wa tumbo la heshima. Wanawe walimtumia kitambaa hicho kutoka mbali, na kipande kingine cha aina hiyo hakikuwepo.

Hapa ni lazima nieleze sheria ya nyumba, maana bila hiyo hadithi hii haina mashiko. Katika karakana ile hakuna anayekata kitambaa cha mteja peke yake. Mkataji huweka mkasi kwenye ukingo, husema "Nakata," kisha husubiri. Mtu wa pili hupitia mistari, na akiridhika hujibu, "Kata." Hapo tu ndipo mkasi hufumba mdomo wake. Neno hilo likishatoka halifutwi, na aliyelitoa ndiye mwenye lawama. Sheria ilizaliwa siku Mama mkubwa alipokata koti lenye upande wa kushoto mara mbili, la mteja ambaye, kama binadamu wengine, alikuwa na upande wa kushoto mmoja tu.

"Nakata," Dada alisema.

"Ngoja," akasema Mama mkubwa. Akainama, akapima bega kwa futi, akainuka.

"Nakata, Mama."

"Ngoja kwanza. Hiyo kola." Akapima kola. Kola haikuwa na kosa lolote. Akaitazama kama inamficha kitu.

"Mama, nakata."

"Hivi wewe unakimbizwa na nani?"

"Na kiwanda," nikasema mimi kutoka kwenye gunia.

"Redio, nyamaza."

Redio ndiyo mimi. Jina nililipata bwenini kwa kipaji changu kidogo cha kuigiza sauti za watu. Usiku mmoja nilisema "Zimeni taa!" kwa sauti ya matroni, na bweni zima, viranja wakiwemo, likalala kabla ya wakati. Matroni alipokuja alishangaa sana, akasema hatimaye tumestaarabika.

Basi dereva akaingia kujaribu suruali, ambayo Mama mkubwa alikuwa ameikata kabla ya kupasuliwa mkono. Wakaenda nyuma ya pazia pamoja na kopo la pini. Sisi tukabaki na kitambaa.

"Hatasema," Dada akanong'ona. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia maji. "Ngoja, ngoja, ngoja. Mpaka nizeeke nimeshika mkasi."

"Labda kuna mstari umekosea."

"Ameipitia tangu asubuhi. Umemwona akifuta hata mmoja?"

Nilisimama nikaangalia. Kweli, chaki yote ilikuwa palepale, safi kama ilivyochorwa. Fundi anayeona kosa hufuta. Yule hakuwa ameona kosa. Alikuwa ameona mkono mwingine ukishika mkasi wake.

"Ita tena," nikamwambia.

"Ili aseme ngoja?"

"Ita tu, Dada. Nawe ukate unavyojua."

Nilisogea mpaka karibu na pazia, nikajifanya naokota uzi. Dada akaweka mkasi kwenye ukingo, akavuta pumzi.

"Nakata!"

Nami nikakijaza kifua changu miaka yote ya Mama mkubwa, nikajibu, "Kata!"

Mkasi ulifumba. Kama hujawahi kusikia mkasi mkubwa ukiingia kwenye kitambaa kizuri, ni sauti ya mtu anayetembea polepole kwenye kokoto. Mara dereva akapiga yowe nyuma ya pazia, "Fundi! Hiyo ni nyama, si suruali!"

Mkasi haukusimama. Dada alikuwa amefika kwenye mzunguko wa kwapa pazia lilipofunguka na Mama mkubwa akatoka, akichomeka pini kwenye kimto kidogo alichofunga mkononi.

"Nani amesema kata?"

"Wewe, Mama," akasema Dada bila kuinua macho.

"Mimi?"

"Umesema, Fundi," dereva akadakia kutoka ndani. "Hata mimi nimesikia. Na pini yako nimeisikia vilevile."

Mama mkubwa akanigeukia. Mimi nilikuwa nakunja mabaki ya vitambaa kwa uchaji wa mtu anayepanga vitabu vya dini.

"Haya," akasema. "Kama nimesema, nimesema."

Akasubiri Dada amalize, kisha akaviendea vipande. Alichukua pande mbili za mbele, akazilaza moja juu ya nyingine, uso kwa uso. Akapitisha kidole kwenye ukingo wote, kutoka begani mpaka chini. Sikuwahi kudhani naweza kuogopa kitu kisicho na fimbo. Pande zilikutana. Kushoto moja, kulia moja.

Kidole kikasimama. "Huku nyuma, kati ya mabega, umeongeza nafasi."

"Ndiyo."

"Kwenye mstari nimeiona. Sikukuuliza. Kwa nini?"

"Ni dereva, Mama. Maisha yake yote ameshika usukani, mabega yamekuja mbele. Akinyoosha mikono kusalimia watu siku ya kuagwa kazini, koti litambana."

Pazia likapanuka, kichwa cha dereva kikatokeza. "Mwacheni huyo binti! Tangu nianze kuvaa makoti, yote yananikaba kama polisi."

Mama mkubwa alivuta kitambaa kilichobaki, cha mikono, akakinyoosha, akarudi nyuma hatua moja.

Dada akaweka mkasi. "Nakata."

Mama mkubwa akafungua mdomo. Akaufunga. Mimi niliangalia sakafu. Safari hii Redio ilikuwa imezimwa kabisa.

"Kata, mwanangu," akasema. Ilikuwa sauti ndogo, haikufanana hata kidogo na ile niliyomwigizia.

Katikati ya mkono wa pili wa koti, simu ya Dada ikaita. Mikono yake yote ilikuwa kazini. Mama mkubwa akaipokea.

"Kiwandani? Ndiyo, yupo. Hapana, hawezi kuja kwenye simu." Akamtazama binti yake. "Anakata. Jumatatu pia atakuwa anakata." Akaikata.

Jioni dereva alipokwisha ondoka, Mama mkubwa aliniita pembeni. Akachota pini kwenye kopo, akazipanga moja moja katikati ya midomo yake mpaka ikajaa, kama afanyavyo daima anapokunja pindo la suruali. Kisha akajaribu kusema kata. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi aliyefungwa mdomo.

Nikaelewa.

Akazitoa. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nyuma ya pazia."

"Mbona hukusema, Mama mkubwa?"

"Ningesemaje? Nilikuwa na pini."

"Na baada ya kuzitoa?"

"Baada ya kuzitoa nilikuwa nimeshalisikia neno lenyewe. Kumbe halikuwa kubwa kiasi kile."

Kisha, taratibu, kwa haki na bila hasira, akamwaga kopo zima la pini sakafuni na kuniambia nisiinuke mpaka nimeziokota zote. Nilipiga magoti. Kutoka mezani, ambako alikuwa ameanza bitana, kitambaa cha ndani ya koti, Dada akaita, "Nakata!"

Niliokota pini mbili, nikazibana kati ya midomo yangu, kwa usalama wa watu wote.