Uji wa Namba Saba

Baba yangu, Methusela, alikuwa mchinja nguruwe kule Matembwe. Krismasi ikikaribia, watu walipanga foleni nyumbani kwetu. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu: mnyama anayeumia hangojeshwi. Mimi binti yake nilimngojesha mmoja siku mbili.

Nilikuwa mhudumu wa banda kwenye kituo cha utafiti nje kidogo ya Makambako, tulikojaribu chanjo ya homa ya nguruwe. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na namba yake sikioni. Mlangoni palibandikwa kanuni ya kamati ya maadili: nguruwe akishindwa kusimama na akakataa chakula siku nzima, achomwe sindano ya kumpumzisha milele siku hiyohiyo. Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya kamati. Karatasi hiyo niliifuta vumbi kila wiki, kwa hiyo nisijifanye sikuijua.

Jumamosi Namba Saba, jike mpole kuliko wote, alianguka. Masikio yalikuwa yameiva kwa wekundu na pumzi aliivuta kwa shida. Pumba hakugusa kutwa nzima. Nikampigia Daktari Timoth, msimamizi wa majaribio, aliyekuwa Njombe. Akasema damu ya siku ya kumi tangu waambukizwe homa ilitakiwa kuchukuliwa Jumatatu, tena kwa mnyama aliye hai, la sivyo kazi ya miezi minane ingeharibika. Kisha akaongea kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza.

"Ida, wewe amekuzoea. Mlishe hata kidogo. Akila, kanuni haijavunjwa."

Ningeweza kupiga ile namba ya mlangoni. Niliogopa. Mimi wa darasa la saba nimshitaki daktari, nani angeniamini?

Nikapika uji mwepesi, nikatia sukari. Nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikachovya vidole, nikampaka mdomoni. Alifumbua jicho moja, akanitazama, akalamba. Nikaandika kwenye fomu: amekula. Jumapili sikwenda ibadani, nilikwenda kwake na kibakuli kilekile. Akalamba tena. Nilijua ninachofanya. Kila alipolamba nilikuwa namwongezea mateso kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu daktari alifika, akachota damu yake, ndipo akamchoma sindano. Akanishukuru. Nilitoka nje nikalia mpaka ncha ya kanga ikalowa.

Baada ya wiki mbili kamati ilikaa Njombe, nami nikaitwa kama mhudumu. Fomu zilikuwa safi, wataalamu wakazipitisha haraka. Aliyesita ni Mama Konsolata, fundi cherehani aliyewakilisha wananchi, ambaye amefuga nguruwe tangu aolewe. Alisema homa hiyo anaijua, ilimmalizia banda zima, na hajawahi kuona nguruwe aliyelala chini namna hiyo akala. Akaniuliza huyu alikula nini.

Daktari alinitazama. Ningesema pumba, yangeishia hapo.

"Uji," nikasema. "Kwenye vidole vyangu. Hakuwa na njaa, mama. Alilamba kwa sababu ni mimi."

Daktari alisimamishwa kazi. Mimi nilipewa onyo la maandishi, pamoja na ruhusa ya kuipigia kamati moja kwa moja bila kumwuliza mtu. Mama Konsolata alinishika bega akasema nimefanya vyema. Nilimwitikia kwa heshima, lakini moyoni nilikataa. Nilisema vyema, ila wakati Namba Saba mwenyewe ameshafukiwa shimoni na kumwagiwa chokaa. Ukweli wangu haukumfaa kitu.

Kesho yake nilirudi kazini. Niliposukuma mlango, nguruwe kumi na mmoja waliobaki waliinuka wote kwa pamoja, wakaja mbio kunipokea. Nikaweka ndoo chini, nikarudi nyuma, nikaomba mtu mwingine aingie awalishe.