Mpunga Mweusi Nyuma ya Jiko

Kila alfajiri, kabla mama mkwe wake hajaamka kuswali, Mounira alikaa nyuma ya jiko na kipande cha kioo, akang'oa ndevu zake kwa kibano na kuzitupa chini ya kamba ya nguo. Asubuhi moja alikosa pa kukaa. Pale alipozoea kuzitupa palikuwa pameota mpunga mweusi, umekwisha kukomaa, na mama mkwe, Mama Binti, alikuwa anaukata kwa kisu.

"Ulipanda lini?"

"Sikupanda, mama."

"Iko muzuri. Leta ungo."

Walipepeta pamoja. Assumani, mume wa Mounira, alikuwa Kabambare kwenye machimbo ya dhahabu. Mama Binti aliihesabu miezi ya mkwewe kwa mkeka wa kuswalia: mwanamke akiwa na damu haswali, mkeka hubaki umekunjwa. Mkeka wa Mounira haukuwa umekunjwa tangu mvua zilizopita. Kwa hiyo habari ya mimba ilikwisha kupelekwa Kabambare na mtu wa pikipiki, na Assumani, aliyekuwa ameanza kutafuta mke wa pili, aliacha kutafuta na kuchagua jina la mtoto. Mounira alisikia yote, akatandika mkeka.

Jumatano walikwenda kwenye somo la wanawake katika kituo cha afya, na bakuli la wali mweusi kwa muuguzi. Muuguzi Laetitia alionja.

"Tamu. Hata wiki jana waliniletea."

"Kwetu unaota karibu na choo," alisema Nadine, aliyekaa peke yake mwisho wa benchi, kitambaa kimefungwa mpaka kidevuni. "Bwana anaupenda sana."

Hakuna aliyemuuliza kitu. Laetitia alitundika picha ya mwanamke mwenye tumbo, halafu ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa na hizo tu. Alieleza chandarua, chanjo na kunyonyesha, kisha akaanza kuzikunja, akamtazama Mounira.

"Na wewe wa mimba ya kwanza, unajificha kama mwizi wa kuku! Iko ya miezi ngapi?"

Wanawake walicheka. Mama Binti alifungua mdomo ajibu, Mounira akamshika mkono.

"Siko na mimba, mama," alisema. Kisha akamgeukia muuguzi. "Damu haiji. Ndevu ndiyo zinakuja. Sasa somo yangu mimi iko siku gani?"